Bleni na jamaa zake wa mwambani: namna ya kuwatafuta, kuwatambua na kuwahesabu bila kuwadhuru

Mwamba wa pwani ya Afrika Mashariki, kuanzia Watamu na Kanamai upande wa Kenya hadi Kunduchi, Matemwe na Kizimkazi upande wa Tanzania, maji yakipwa huonekana kama hauna kitu. Wapitao hutafuta pweza, kaa na kome. Miguuni mwao, ndani ya matundu yasiyozidi upana wa kidole, wamejaa samaki wa sentimita 3 hadi 15 ambao hawapelekwi mnadani wala hawanaswi na nyavu za kawaida, na kwa sababu hiyo hakuna anayewaandika. Wengi wao ni wa familia ya Blenniidae, ambao hapa tutawaita bleni. Wanaishi pamoja na gobi, na samaki wadogo wa mapezi matatu, na wale wanaojibandika kwenye jiwe kwa tumbo.

Udogo wao usikudanganye. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Science ulikadiria kwamba samaki wadogo wa kujificha huchangia karibu asilimia 60 ya nyama ya samaki inayoliwa ndani ya miamba ya matumbawe. Wanaliwa kwa wingi na wanajaza nafasi zao upesi. Gobi mmoja wa Australia, Eviota sigillata, haishi zaidi ya siku 59, umri mfupi kuliko wa mnyama mwingine yeyote mwenye uti wa mgongo aliyewahi kupimwa. Ukiuhesabu mwamba kwa kutazama samaki wakubwa tu, umehesabu walaji ukaacha chakula.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi, mwalimu, mwanakikundi cha ufuo, mtembeza wageni, au yeyote anayetaka kuujua mwamba wake. Hauhitaji mashua wala mtungi wa hewa.

Hatua ya 1: Anza na mwezi, kisha jedwali la maji

Kazi hii hufanyika wakati wa bamvua. Maji mafu hayafai, kwa sababu hayashuki kiasi cha kufungua vidimbwi vya chini. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na maji hushuka zaidi siku moja au mbili baada ya hapo. Kwetu bamvua ina faida kubwa: maji hufika chini kabisa mchana kweupe, mara nyingi kati ya saa 4 na saa 5 na nusu asubuhi. Kila siku inayofuata kupwa huchelewa kwa dakika 50 hivi. Bamvua kubwa za mwaka huja karibu na Machi na Septemba.

Chukua jedwali la maji la bandari iliyo karibu nawe, Mombasa, Tanga, Zanzibar au Dar es Salaam, uchague siku ambazo kina cha kupwa ni mita 0.6 au chini ya hapo. Kaskazi, kati ya Desemba na Machi, bahari huwa tulivu zaidi na maji maangavu. Kusi ikivuma, ukingo wa mwamba unaotazama bahari kuu si mahali pa kukaa umeinama. Siku hizo fanya kazi kwenye vidimbwi vya ndani peke yake.

Fika saa moja na nusu kabla ya maji kufika chini kabisa. Ondoka dakika 30 baada ya hapo, hata kama umebakiza kidimbwi kimoja. Maji hayarudi kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza huongezeka sehemu 1 kati ya 12 ya tofauti yote, saa ya pili sehemu 2, saa ya tatu na ya nne sehemu 3 kila moja, kisha hupungua tena. Bamvua ya tofauti ya mita 3.6 itakupa sentimita 30 katika saa ya kwanza, 60 katika ya pili, na 90 katika ya tatu. Kibaya zaidi, maji hupita kwanza kwenye mikondo na mabonde yaliyo kati yako na nchi kavu, kwa hiyo unaweza kuwa umesimama pakavu na njia ya kurudi imeshafungwa. Kabla ya kuanza, geuka uitazame njia uliyojia, uweke alama ya mwamba au mti wa kukuelekeza.

Hatua ya 2: Omba ruhusa, uliza wenyeji

Kutazama tu kwenye ufuo wa wazi hakuna matata, lakini toa taarifa. Kenya na Tanzania bara, nenda kwa BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa ufuo, ya eneo hilo. Zanzibar, muone sheha na kamati ya wavuvi. Ndani ya hifadhi za bahari sheria ni nyingine: Kenya ziko chini ya KWS, shirika la wanyamapori, na Tanzania bara chini ya Kitengo cha Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu. Vijiji kadhaa hufunga kipande cha mwamba kwa miezi kadhaa ili pweza akue. Kukanyaga hapo bila kuuliza ni kuvunja makubaliano ya watu waliojinyima.

Wanawake wanaochokoa pweza ndio wajuzi wa matundu kuliko mtu yeyote. Msalimu mkubwa wao ipasavyo, mwambie unachotafuta, na umuulize matundu gani yana mikunga. Jibu lake linaweza kukuokolea kidole.

Kukamata samaki ili kumhifadhi ni utafiti, na unahitaji kibali cha tume ya sayansi na teknolojia: NACOSTI kwa Kenya na COSTECH kwa Tanzania bara. Zanzibar ina utaratibu wake. Utupa usiuguse kabisa. Sumu yake ni rotenoni, huua kila kilichomo kidimbwini pamoja na mayai, na uvuvi wa sumu ni kosa la jinai nchi zote mbili. Watafiti wenye kibali siku hizi hutumia mafuta ya karafuu kuwalevya samaki kwa muda, na hata hayo yakizidi kipimo huua, kwa hiyo si kitu cha kujaribu kwa kubahatisha.

Hatua ya 3: Tengeneza bomba la kutazamia

Mng'ao wa jua na mawimbi madogo ya upepo ndiyo yanayokuzuia kuona, zaidi ya ufundi wa samaki kujificha. Bomba la kutazamia huondoa yote mawili, na hutengenezwa kwa vitu vya duka la vifaa vya ujenzi:

– bomba la PVC la inchi 6, urefu wa sentimita 30;
– kipande cha plastiki ngumu inayoona, unene wa milimita 3 au 4, kilichokatwa duara la kipenyo cha nje cha bomba;
– silikoni ya kuzibia matangi ya samaki au madirisha;
– msasa, spiriti, na rangi nyeusi isiyong'aa.

Sugua mdomo mmoja wa bomba kwa msasa hadi ulale sawasawa juu ya kioo. Paka rangi nyeusi upande wa ndani, uache sentimita 2 za mwisho bila rangi ili silikoni ishike bomba lenyewe. Futa kwa spiriti. Zungushia silikoni bila kuacha pengo, bandika duara, ligandamize kwa kitu kizito kilicho rahisi kuondoa kama kitabu, kisha zungushia mkanda wa pili wa silikoni kwa nje. Acha ikauke saa 48. Mtihani wake ni kuliweka ndani ya ndoo ya maji kwa nusu saa: likivuja, ng'oa silikoni yote na uanze upya, kwa sababu silikoni mpya haishiki vizuri juu ya ya zamani.

Wengi hukata kitako cha ndoo ya plastiki badala ya bomba. Ndoo hizo ni za plastiki laini ambayo silikoni haigandi juu yake, na baada ya siku chache kioo hubanduka. Kama huna ila ndoo, kifunge kioo kwa skrubu ndogo zenye nati pande zote, silikoni iwe kati kama mpira wa kuzibia.

Ukilitumia, liingize majini kwa upande, upovu wa hewa utoke chini ya kioo, ndipo ulisimamishe. Ukilitumbukiza wima, upovu hunasa katikati na hutaona kitu.

Vifaa vingine ni vichache. Beba mwavuli mweusi na viatu vya mpira vyenye soli nene, kisha rula ya plastiki, kipimajoto na saa. Mraba wa kuhesabia utengeneze kwa bomba la PVC la nusu inchi: vipande vinne vya sentimita 50 na kona nne, ukitoboa matundu madogo ili maji yaingie na mraba uzame. Kuandikia, daftari halifai. Chukua kipande cha PVC nyeupe, kisugue kwa msasa laini, uandike kwa penseli; nyumbani utakifuta kwa sabuni ya unga.

Hatua ya 4: Kaa chini, tulia

Hapa ndipo wengi wanaposhindwa. Wanatembea kutoka kidimbwi hadi kidimbwi, wanaona vivuli vikikimbia, wanaandika "samaki wadogo wengi". Bleni humwona mtu mapema kuliko mtu anavyomwona yeye, na kivuli kinachosogea kwake ni korongo anayewinda.

Chagua kidimbwi kimoja chenye urefu wa mita 1 hadi 3 na kina cha sentimita 15 hadi 50, chenye kingo zilizomong'onyoka na matundu. Kikaribie ukiwa umeinama, jua likikupiga usoni ili kivuli kianguke nyuma yako. Kabla ya kukaa, kagua unapokalia. Konokono mwenye gamba la umbo la pia, lenye madoa mazuri, asiokotwe kamwe, kwani baadhi yao huchoma kwa sumu inayoweza kuua. Usiweke kiganja juu ya jiwe lenye ukungu wa mwani bila kulitazama mara mbili, maana samaki wa mawe mwenye miiba ya sumu mgongoni hulala hivyo hivyo. Akikuchoma, tumbukiza sehemu iliyochomwa katika maji ya moto unayoweza kuyavumilia, yasizidi nyuzi 45, huku ukipelekwa hospitali.

Fungua mwavuli ukiwa bado mbali na maji, ukae, uuweke bila kuutikisa. Kisha subiri dakika 5. Usihesabu, usielekeze kidole. Kwa kawaida gobi hutokea kwanza, kwa sababu wao hutegemea rangi yao na hawaendi mbali. Bleni hutoa kichwa peke yake, hutazama, hurudi ndani, hutoa kichwa na mapezi ya ubavuni, na mwisho hutoka mwili mzima. Akishatoka mara moja na asipatwe na baya, hatakujali tena hadi utakaposogea.

Hatua ya 5: Soma tundu kabla ya kumwona mwenyewe

Tundu lenye bleni huwa dogo, la duara, mara nyingi lililotobolewa na chaza au mnyoo aliyekufa zamani, na kipenyo chake huwa kikubwa kidogo tu kuliko kichwa cha samaki. Bleni huingia kinyumenyume, mkia kwanza, ndiyo maana kinachoonekana ni macho mawili yaliyo juu ya paji, kila jicho likizunguka peke yake. Ukiona nukta mbili zinazometa kwenye mdomo wa tundu, mwangalie huyo kwa bomba.

Tazama pia mwani unaozunguka. Bleni wanaokwangua mwani, kama Salarias fasciatus, huacha alama ndogo za midomo juu ya utelezi wa kijani, na jiwe lenye alama mpya lina mwenyewe karibu.

Tundu kubwa lenye maganda ya kaa yaliyotupwa nje ni la pweza, na pango lenye giza linalotoa pua ndefu ni la mkunga. Usipoteze muda hapo.

Hatua ya 6: Tambua familia kwanza

Usikimbilie jina la kitaalamu la spishi. Familia ukiipata sawasawa, kumbukumbu yako ina thamani hata kama jina kamili halikupatikana. Ukibahatisha spishi, unaharibu na ya wengine. Maswali ni manne, na uyaulize kwa mpangilio huu.

Mgongoni ana mapezi mangapi? Bleni ana pezi moja refu kuanzia shingoni hadi karibu na mkia, pengine lenye bonde katikati. Gobi ana mawili yaliyotengana. Akiwa na matatu, ni wa familia ya Tripterygiidae, samaki wa sentimita 3 au 4 ambaye hulala wazi juu ya jiwe na huonekana kama kipande cha mwani mwekundu.

Mapezi ya tumboni yakoje? Ya bleni ni nyuzi mbili nyembamba zilizo mbele, chini ya koo, na huziegemea kama mtu aliyeegemea viwiko. Ya gobi wengi yameungana kuwa kikombe. Wale wa Gobiesocidae wana sahani kamili ya kunata, na ukijaribu kuwasogeza hawabanduki.

Ana magamba? Bleni hana, ngozi yake ni utelezi mtupu. Gobi na wale wa mapezi matatu wanayo, ingawa utayaona pale tu jua likimpiga kwa upande.

Kichwani ana nini? Bleni wengi wana vishungi: vinyweleo vya nyama juu ya macho, puani, na pengine kisogoni. Hesabu viko wapi na kama vimegawanyika matawi au ni uzi mmoja. Hiki ndicho kipengele kinachowatenganisha bleni wanaofanana rangi, na ndicho ambacho picha iliyopigwa kutoka juu haionyeshi.

Sasa wachache utakaokutana nao. Kwenye vidimbwi vya juu na vya kati, bleni mkubwa, anayeweza kuzidi sentimita 15, mwenye mistari ya giza ubavuni, mara nyingi ni Istiblennius edentulus. Dume ana kiupanga cha nyama utosini. Jike ana madoadoa nyuma. Huruka kutoka kidimbwi hadi kidimbwi akifukuzwa, kwa hiyo usimsukume kuelekea pakavu. Gobi mnene, mwenye kichwa butu na rangi ya mchanga uliochafuka, ni wa jenasi Bathygobius. Mhakikishe kwa kutazama ncha ya juu ya pezi la ubavuni: ina nyuzi laini zilizoachana kama nywele, na hakuna haja ya kumgusa ili kuziona.

Kwenye ukuta wa mwamba unaopigwa na mawimbi, nje ya maji kabisa, kuna Alticus kirkii, anayeishi sehemu inayorushiwa matone ya mawimbi. Hupumua hewa ngozi yake ikiwa na unyevu, na huruka kwa kukunja mkia pembeni na kuufyatua. Huyu ndiye anayevunja kanuni ya Hatua ya 1. Maji yakiwa chini kabisa na jua kali, mwamba hukauka naye hujificha. Mtafute maji yakiwa katikati, mawimbi yanaporusha matone juu ya ukuta, ukiwa umesimama mbali na ukingo.

Hatua ya 7: Mawe

Ukiweza, acha kuyageuza. Bleni dume hulinda mayai yaliyobandikwa safu moja kwenye dari ya tundu au chini ya jiwe, huyapepea na kufukuza wezi. Jiwe likigeuzwa likaachwa hivyo, mayai hukauka kwa jua au huliwa maji yakijaa, na sponji na minyoo wa upande wa chini nao hufa. Mwamba uliogeuzwa mawe kila bamvua hutambulika kwa mbali: mawe meupe juu, hayana mwani, na chini yake hakuna mkaaji.

Ikibidi, fuata haya. Jiwe lisizidi ukubwa wa kichwa chako na liwe ndani ya maji. Litazame lilivyolala. Liinue upande mmoja tu, kuelekea kwako, ili likilindwa na mkunga upenyo wake uwe upande wa pili. Tazama kwa sekunde 10. Ukiona madoa yaliyopangana kama mchanga uliogandishwa, ya rangi ya chungwa au zambarau, au yenye nukta za fedha ambazo ni macho ya vifaranga walio karibu kutoka, lishushe mara moja. Kabla ya kulirudisha, pitisha mkono polepole mahali lilipokuwa ili waliobaki wasogee pembeni. Wengi hufa kwa kupondwa na jiwe linalorudishwa kwa haraka.

Hatua ya 8: Hesabu kwa namna inayolinganishwa

Weka mraba wa sentimita 50 kwa 50 kwenye kidimbwi, subiri tena dakika 5, kisha hesabu kwa dakika 10 kamili. Usiandike jumla ya samaki waliotokea. Andika idadi kubwa zaidi ya samaki wa aina moja walioonekana kwa wakati mmoja. Bleni mmoja hutoka na kuingia mara sita, na ukijumlisha mitokeo, mmoja anakuwa sita. Chukua miraba isiyopungua 10 kwa kila sehemu ya mwamba, ukiigawa juu, kati na ukingoni.

Pamoja na hesabu, andika tarehe, saa, dakika kabla au baada ya kupwa, urefu, upana na kina cha kidimbwi, joto la maji, na kama kilikuwa kimekatika kabisa na bahari. Vidimbwi vya juu saa 6 mchana vinaweza kupita nyuzi 35, na samaki huzama ndani ya nyufa. Hesabu iliyopungua kwa joto itaonekana kama samaki wamekwisha. Baada ya mvua kubwa ya masika nayo hali ni hiyo hiyo, maji ya juu yanapokuwa baridi na matamu. Linganisha bamvua na bamvua, saa na saa. Hesabu ya saa moja kabla ya kupwa usiiweke kando ya hesabu iliyochukuliwa maji yakirudi.

Kosa jingine ni ukubwa. Kupitia kioo kilicholala sawa, kitu ndani ya maji huonekana kikubwa kwa theluthi moja zaidi. Bleni wa sentimita 8 machoni ni wa sentimita 6. Dawa yake ni kuchora alama za sentimita kwenye mraba wenyewe, kwa kuwa nao umo majini.

Hatua ya 9: Upande wa nje, kwa miwani

Kwenye maji ya mita 1 hadi 3 nje ya ukingo, wakaaji hubadilika. Ogelea na mwenzako, bahari ikiwa shwari, mkiwa mmejifunga kinga ya jua ya nguo badala ya mafuta. Shika tumbawe lililokufa kwa kidole kimoja, tulia, tazama eneo la mita 1 ya mraba kwa dakika 10 kama ulivyofanya kidimbwini.

Utakutana na Ecsenius midas, wa njano ya dhahabu au wa kijivu cha buluu, anayeogelea juu katikati ya kundi la samaki wadogo wengine na kurudi tunduni akitishwa. Meiacanthus mossambicus huogelea wazi bila haraka, kwani meno yake ya chini yana sumu na wawindaji wamejifunza kumwacha.

Mwenye kutaka uangalifu mkubwa ni Aspidontus taeniatus. Amevaa mstari mweusi na buluu wa samaki msafishaji, Labroides dimidiatus, na hucheza kama yeye, na samaki wakubwa wakijisogeza kusafishwa huweza kung'atwa pezi. Tazama mdomo. Msafishaji wa kweli ana mdomo kwenye ncha ya pua. Mwigaji ana pua iliyotangulia na mdomo chini yake. Kuliona hilo unahitaji kumtazama kwa ubavu kutoka umbali usiozidi mita moja, kwa hiyo kila ulipoandika "msafishaji" ukiwa mbali, weka alama ya kuuliza.

Hatua ya 10: Picha na kumbukumbu

Piga picha tatu: ubavu mzima, kichwa kwa karibu ili vishungi vionekane, na mahali alipo ili tundu na mwani vionekane. Simu ndani ya mfuko wa kuzuia maji inatosha kidimbwini ikiwekwa chini ya uso wa maji. Ikipigwa kupitia hewa, mng'ao huficha kila kitu. Zima flashi, kwa kuwa ngozi isiyo na magamba hurudisha mwanga na rangi halisi hupotea. Andika rangi papo hapo, kwani bleni aliyeshtuka hupauka au hutiwa madoa kwa sekunde chache, na dume anayelinda mayai hubadilika kabisa.

Kama una ruhusa ya kumshika kwa picha, tumia kichujio laini na kopo dogo linaloona lenye maji ya kidimbwi hicho hicho, mikono iwe imelowa na haina mafuta ya kujipaka. Asizidi dakika 2 humo, na arudishwe kwenye kidimbwi kile kile, karibu na tundu lake.

Siku hiyo hiyo nakili yote kutoka kwenye ubao kabla hujaufuta. Kwa jina, andika ngazi unayoweza kuitetea kwa picha: "Blenniidae", au "Bathygobius, spishi haijulikani", au jina kamili. Pandisha picha kwenye iNaturalist, tovuti ya kutambua viumbe, ukiweka mahali na tarehe sahihi, ili wanaojua samaki wa Bahari ya Hindi magharibi wasaidie kulipata jina. Nakala nyingine ipeleke kwa BMU au kamati ya wavuvi waliokupa ruhusa, na ikiwezekana kwa taasisi za utafiti wa uvuvi, KMFRI ya Kenya au TAFIRI ya Tanzania, au kwa Taasisi ya Sayansi za Bahari Zanzibar. Miraba ambayo haikuwa na samaki ipeleke pia, pamoja na joto lake na saa yake.